Kazi bora ya John Woo ni ipi? Mimi nasema Red Cliff

Mjadala huu ulianzia barazani kwetu Mkomani, hapa Lamu, baada ya Isha, na leo ni usiku wa nne hatujapata mshindi. Swali lenyewe: katika filamu zote za John Woo, ipi ndiyo kazi yake bora? Nauleta hapa ili walioko Malindi, Mombasa na Unguja nao watie neno, maana sisi wenyewe kwa wenyewe tumeshaanza kurudia yale yale.

Kwanza niwaambie watu walivyogawanyika. Vijana wa boti wote wako na Face/Off ya mwaka 1997. Mwalimu mmoja mstaafu hataki kusikia lolote isipokuwa The Killer ya 1989. Kaka mmoja mwenye duka la simu, ambaye zamani alikuwa na kibanda cha video Langoni, anasema ni Hard Boiled ya 1992, na akishalitaja hilo jina hunyamaza kana kwamba kesi imekwisha. Mimi na Red Cliff yangu, ile ya vita vya kale vya China, nilikuwa peke yangu, mpaka juzi ami yangu, nahodha aliyekwisha kustaafu na ambaye filamu si mambo yake, alipoketi nami akaitazama yote, sehemu zote mbili.

Kwa asiyemjua, Woo ni mwongozaji wa filamu, alizaliwa Guangzhou, China, mwaka 1946, akakulia Hong Kong katika ufukara. Ule moto mkubwa wa 1953 ulioteketeza vibanda vya Shek Kip Mei uliiacha familia yake bila makao. Bunduki mbili, moja kila mkono, koti refu, njiwa weupe wakiruka kanisani, mtu akianguka taratibu kama anayezama majini: hayo tumeyaona katika filamu za watu wengi, lakini yeye ndiye aliyeyafanya yakaenea duniani. Sisi wa vibanda vya video tulizijua kazi zake kabla ya kulijua jina lake. Ulilipa sarafu yako mlangoni, ukabanana na wenzako kwenye benchi, wala hukuuliza nani kaiongoza. Uliuliza stelingi ni nani.

Haya, tuingie kwenye hoja.

Face/Off siidharau hata kidogo. Polisi na gaidi wanabadilishana nyuso, John Travolta na Nicolas Cage, kila mmoja anaigiza roho ya mwenzake. Mwanzo wake unauma: baba yuko na mwanawe mdogo kwenye farasi wa mbao wanaozunguka, risasi inampita baba, inamuua mtoto. Halafu kuna ile ishara ya mkono unaoteremshwa polepole usoni mwa mtu unayempenda. Hiyo peke yake inabeba filamu nzima. Lakini vijana wetu hawaipendi kwa sababu hizo. Wanaipendea mbio za boti za mwishoni. Kijana mmoja anayevusha abiria kati ya Mokowe na hapa alisimama kabisa barazani akituonyesha kwa mikono boti zinavyokata maji. Nikamwambia: wewe unaijua bahari, niambie wale wanaijua? Mle ndani maji ni barabara tu. Hakuna anayeogopa mkondo, hakuna anayetazama fungu. Boti zinagongana, zinalipuka, na ungeweza kuweka magari mahali pake usipoteze kitu. Alicheka, lakini hakunijibu, na bado namngoja.

Hard Boiled nitaipitia haraka, kwa sababu hoja yake ni moja na ni nzuri. Kule hospitalini kamera inawafuata Chow Yun-fat na Tony Leung karibu dakika tatu bila kukatwa, wanapigana ukumbi mzima, wanaingia kwenye lifti, mlango unafunguka wako ghorofa nyingine na vita vinaendelea. Ghorofa yenyewe ni ile ile. Wakati wao wamo ndani ya lifti, mafundi nje walikuwa wakikimbia kuupanga ukumbi upya. Kwa ufundi wa mkono hakuna kinachoizidi, namkubalia yule kaka. Ila uliza baada ya wiki: wale wawili walikuwa wakimlilia nani? Unachokumbuka ni lifti.

Mwalimu ndiye aliyenipa kazi. Katika The Killer, mwuaji wa kulipwa anafyatua bunduki karibu mno na uso wa mwimbaji mmoja wa kike, na ule mmweko unamharibu macho. Kutoka hapo anaua kwa jambo moja tu, apate fedha za kumtibu yule mwanamke. Nakumbuka mwalimu alivyotusimulia mwisho wake, sauti imeshuka: mwuaji naye amepigwa macho, haoni, mwanamke haoni, wote wawili wanatambaa chini nje ya kanisa wakitafutana kwa kuitana, na wanapishana. Wanapishana! Mkono haugusi mkono. Ametambaa kilomita nzima ya dhambi ili ampatie macho, na mwisho hakuna macho ya mtu yeyote. Barazani palikuwa kimya hata punda aliyepita na mchanga tulimsikia kwato zake mpaka amepinda kona.

Nilijua hapo kwamba ikiwa kuna filamu ya kunishinda, ni hiyo. Hata hivyo sikubadili kura yangu. The Killer ni hadithi ya heshima ya mtu mmoja, na wengine wote waliomo, mamia wanaoanguka kwa risasi, ni vivuli vya kupita. Woo alikuwa na miaka arubaini na kitu, na alikuwa anaamini kwamba mtu akisimama imara na bunduki zake mbili basi kisa kimekamilika. Red Cliff imetengenezwa na mtu aliyekwisha kuivuka imani hiyo.

Nieleze. Woo alikwenda Marekani, akatengeneza filamu za fedha nyingi. Mission: Impossible 2 ya mwaka 2000 iliingiza zaidi ya dola milioni 500, na barazani kwetu haikupata hata kura moja. Kisha akarudi China, akatumia takriban dola milioni 80, ambazo wakati huo hazijapata kutumika kwa filamu yoyote ya Asia, kusimulia vita vya mwaka 208 kwenye Mto Yangtze. Sehemu ya kwanza ilitoka 2008, ya pili 2009. Cao Cao anashuka kutoka kaskazini na jeshi linalotajwa kuwa la watu laki nane. Watu wa kusini waliomkabili ni elfu hamsini au karibu na hapo, tena ni wa mabwana wawili tofauti ambao hawaaminiani sana. Cao Cao ana merikebu, ana nafaka, ana kila kitu. Ila askari wake ni watu wa bara. Majini wanatapika. Wanafunga merikebu zao pamoja ili zitulie.

Hapo ndipo ami yangu alipoacha kuegemea mto akakaa wima. Akasema, "Wamejifunga wenyewe hawa."

Tukio la mishale nitalikalia kidogo. Zhuge Liang, mshauri wa watu wa kusini, anadaiwa mishale laki moja kwa siku tatu, la sivyo anakatwa kichwa. Anachukua boti, anazivika majani makavu pande zote, anazipeleka alfajiri katika ukungu mpaka mbele ya kambi ya adui, na ngoma zinapigwa. Adui haoni mbele, anaogopa kutoka, anafyatua tu mishale. Inakuja kama mvua, inanasa kwenye majani. Sasa angalieni: mishale inajaa upande mmoja, na boti zinaanza kulala. Kabla mtu yeyote kwenye filamu hajasema neno, ami akasema, "Zinalala, mwanangu. Shehena yote iko upande mmoja. Ageuze." Na Zhuge Liang akazigeuza, upande wa pili nao ukapokea mishale yake, boti zikakaa sawa. Ami alipiga goti lake kwa kiganja. Mtu aliyebeba boriti na mahindi kwenye jahazi maisha yake yote hawezi kudanganywa kuhusu uzito, na hapo hakudanganywa. Tukio zima la kivita, na hakuna askari hata mmoja wa kusini aliyerusha mshale. Hilo ndilo lililonifanya nikate shauri.

Kisha upepo. Watu wa kusini wanataka kumchoma Cao Cao kwa boti za moto, lakini ni majira ya baridi, upepo unavuma kutoka kaskazini magharibi. Ukiwasha moto unajichoma mwenyewe. Zhuge Liang ameishi huko, anajua kwamba ipo siku upepo utageuka uvume kutoka kusini mashariki, usiku tu, kwa saa chache. Basi wanangoja. Jeshi zima linangoja. Na upande wa pili mke wa Zhou Yu, jemadari wa kusini, amekwenda peke yake kwenye hema la Cao Cao, anamwandalia chai. Anaosha chombo, anamimina, anamweleza jinsi ya kuitazama. Kila kikombe ni dakika iliyoibwa. Kamera inakwenda kwenye chai, inakwenda kwenye bendera, inarudi kwenye chai. Bendera inalegea. Inaning'inia. Halafu inageuka.

Sisi hapa tunaujua wakati huo. Kaskazi inapokwisha na kusi haijaingia, ile tangambili, ukipita ufukweni utawaona wazee wanazungumza na wewe huku macho yao yako kwenye tanga la mtu mwingine. Ami hakumtazama Cao Cao wala yule mwanamke, alitazama bendera tu, na ilipogeuka alivuta pumzi kabla yangu. Kwangu, mtu aliyeifundisha dunia nzima kufyatua risasi bila kupumzika, akaja akaifanya bendera moja inayogeuka kuwa tukio kali kuliko yote aliyopata kutengeneza, huyo amefika kilele chake.

Na hajaacha kulia na mtu mmoja mmoja. Dada wa mtawala wa kusini anajifanya askari wa kiume, anaingia kambi ya adui, anachora ramani yote kwenye kitambaa na kukizungusha mwilini chini ya nguo. Huko anapata rafiki, askari mmoja mwema asiyejua lolote, anayemdhania mwanamume mwenzake. Wanapokutana tena ni katikati ya moto wa siku ya vita, yule kijana anafurahi kumwona, na anauawa mbele ya macho yake. Katika filamu zake za zamani huyo angekuwa kivuli cha kupita. Hapa ana njaa, ana kucheka kwake, na unamwombea avuke salama.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza, kwamba ni ndefu na inachanganya. Wengi wanaosema hivyo wameona ile iliyokatwa kwa ajili ya watazamaji wa Magharibi, ya karibu saa mbili na nusu. Yenyewe kamili inapita saa nne na nusu, na kukata nusu ya kungoja katika filamu ya kungoja ni kuiua. Vile vile wengine wameiona ikiwa imewekewa sauti ya mtafsiri wa video. Nawapenda watafsiri wetu, nimekua nao, lakini mahali ambapo Woo amenyamaza makusudi, kuziba kimya kile kwa maneno ni kuitoa roho yake.

La pili, kwamba merikebu nyingi mle ni za kompyuta na zinaonekana. Kweli. Zikitazamwa kwa juu, kwa mbali, hazina uzito. Siwezi kulitetea.

La tatu ni zito, na mwalimu ndiye aliyelileta: Juni 2008, katika kupiga picha za mapigano ya merikebu, moto ulimuua mmoja wa wale wanaoigiza matendo ya hatari na kuwajeruhi wengine sita. Mwalimu aliuliza kama kazi iliyouchukua uhai wa mtu inaweza kuitwa bora. Nilikaa nalo usiku kucha. Hakuna tanga la moto lenye thamani ya kijana wa watu, na kila ninapoutazama ule mlango wa mwisho wa filamu, merikebu zikiungua, namkumbuka yeye. Nikisema Red Cliff ni kazi bora ya Woo sisemi kwamba gharama ile ilistahili. Mwenye neno la kunisaidia hapo aseme, nitamsikiliza.

Woo bado anafanya kazi. Silent Night ya 2023 karibu haina mazungumzo, na 2024 ameitengeneza The Killer upya, safari hii Paris. Wapo wanaosema angeiacha ile ya kwanza ilivyo. Nami naona hivyo hivyo.

Kwa sasa kura barazani ziko hivi: Face/Off tano, The Killer mbili, Hard Boiled moja, Red Cliff mbili, yangu na ya ami. Anayeshikilia nyingine namwomba asitutajie jina la filamu tu. Atuletee tukio moja, atuonyeshe limejengwaje. Mwalimu ameahidi kuja na The Killer Ijumaa usiku, na ami amekubali kuitazama mpaka mwisho, kwa sharti kwamba mtu yeyote asimhadithie kabla. Akibadili kura, nitarudi hapa hapa niseme.