Tupeane uzoefu: jioni uliyokwenda kupiga picha maua-mwitu jua likizama, ulirudi na nini?

Kivuli Kirefu

Habari za jioni wakuu. Picha za maua-mwitu na jua linalozama tunazitupia humu kila msimu, tunapongezana, basi. Anayenyamaza ni yule aliyerudi na kadi imejaa takataka. Mimi picha yangu moja ilinila jioni nne, kwa hiyo leo naomba tusimulie zile jioni nyingine. Nafungua mwenyewe.

Kuna mteremko niliupita saa saba mchana, umefunikwa na maua ya manjano hata nyasi huzioni. Nikaapa nitarudi na jua la jioni. Siku mbili baadaye nikarudi, nikatega tripodi, jua likaanza kushuka, mawingu mawili matatu ya kunipa rangi, upepo umetulia. Nikainama kutafuta ua la kuweka mbele ya picha. Hakuna ua. Nikadhani kuna mtu amepitisha fyekeo. Kumbe yote yalikuwepo, yamejifunga tu, kila moja limekuwa kijiti chenye ncha ya kijani. Maua mengi ya jamii ya deizi hulala mapema kuliko kuku, na mimi nilikuwa sijui.

Baadaye nikasoma habari za Namaqualand, Afrika Kusini, ile nusu jangwa inayogeuka zulia la maua mwezi wa nane na wa tisa. Kule wageni huambiwa waende kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri hivi, tena siku ya jua. Ukifika machweo unapiga picha za majani.

Siku hizi mahali papya naenda kwanza bila kamera, saa ileile nitakayotaka kupiga, nione ni nani bado yuko macho. Jioni ya pili na ya tatu niliziharibu kwa sababu nyingine, nitarudi. Tiririkeni.

Mama wa Lenzi Moja

Yako yamelala, yangu yalininyima uso. Kulikuwa na alizeti zilizojiotea zenyewe ukingoni mwa eneo la wazi, zimekomaa, vichwa vikubwa. Nilifundishwa kwamba mpiga picha mwema huliweka jua mgongoni. Nikatii. Nikasimama upande wa magharibi, jua la dhahabu linapiga mbele yangu, na alizeti zote zimenipa kisogo. Uwanja mzima, visogo vitupu.

Nilikuwa naamini kama wengi kwamba alizeti hulifuata jua kutwa. Inayolifuata ni ile changa. Ikikomaa shingo hukakamaa, ikabaki inatazama mashariki. Kwa hiyo jioni, ukisimama na jua nyuma yako, ni lazima uone migongo.

Nilichofanya kwa hasira ni kuzunguka eneo lote mpaka upande wa pili, ili angalau nizione nyuso kabla sijaondoka. Hapo ndipo nilipoelewa. Jua likawa nyuma ya maua, petali zikawaka kama karatasi iliyoshikiwa mbele ya taa, na vinyweleo vya mabua vikachora mstari wa nuru kila mahali. Uso wenyewe uko kivulini, kwa hiyo niliongeza mwanga kidogo nikaacha anga iungue kwa nyuma. Tangu siku hiyo jua la jioni naliweka mbele yangu, au ubavuni. Mgongoni ni kwa picha za vitambulisho.

Simu Tu

Mimi sina kamera, jina linajieleza. Nimekuja kuwatetea wenzangu wa simu.

Jioni yangu mbovu: picha zote zina ukungu mweupe, kama nimepigia ndani ya mvuke. Nikalaumu simu, nikalaumu jua. Ni mafuta ya vidole vyangu kwenye kioo cha lenzi. Ukipiga mchana huyaoni, ukielekeza kwenye jua yanasambaa picha nzima. Nikafuta kwa shati, tofauti ikaonekana palepale.

Mengine mawili niliyoyapata kwa taabu. Bonyeza ua kwa muda mpaka simu ishike fokasi na mwanga, halafu teremsha mwanga kwa kidole, maana simu ikiachiwa itaifanya jioni iwe mchana. Na geuza simu kichwa chini. Lenzi inakuwa karibu kabisa na ardhi na maua mafupi yanasimama kama msitu. Ila upepo ukiwepo, simu inayounganisha picha kadhaa kuwa moja itakuletea maua yenye mapacha. Hapo subiri ua litulie, hakuna ujanja mwingine.

Mzee wa Tripodi

Simu Tu umesema vizuri mwanangu. Wacha na mimi nijiaibishe.

Nilipoanza nilifundishwa kulipima jua kwa vidole. Nyoosha mkono, hesabu vidole vinavyoenea kati ya jua na upeo wa macho, kila kidole robo saa. Jioni moja nikahesabu vinne, nikajua nina saa nzima, nikajilaza kwenye nyasi. Nilipoinuka jua limebaki ukucha. Nilikimbia na tripodi begani kama mwizi.

Nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Kidole kwenye mkono ulionyooshwa kinafunika kama nyuzi 2. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Pale linaposhuka wima, yaani karibu na ikweta, kidole ni dakika 8 hivi, si 15. Kanuni ya robo saa inakaribia ukweli mbali sana kaskazini au kusini, kama kwenye latitudo ya nyuzi 60, ambako jua huteremka kwa mshazari kama anayesitasita kuondoka. Wale wa huko wakiwaandikia kuhusu saa nzima ya nuru ya dhahabu, wanasema kweli, ya kwao. Karibu na ikweta, kuanzia jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo mpaka lizame, una dakika 24 au zaidi kidogo. Ukifika ukiwa bado hujachagua ua, umeshachelewa.

Programu za simu nazo zinakupa saa ya kuzama kana kwamba upeo ni tambarare. Kukiwa na kilima magharibi, jua lako linazama mapema kuliko lililoandikwa.

Mipangilio yangu, kwa anayeuliza: mizani ya rangi naitoa kwenye ya kujiendesha, naweka ya mawingu, kwa sababu ile ya kujiendesha huona dhahabu ikadhani ni kosa la kusahihisha. Faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Jua nalificha nusu nyuma ya bua au petali, tundu la lenzi nalibana liwe dogo, f/16, jua linatoa miale kama nyota. Tundu likiwa dogo hivyo shata, ule mlango wa nuru, inakuwa ya polepole na ua linatikisika, basi ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, naipandisha hadi 800 bila huruma. Chengachenga zitakazotokea kwenye picha nitaishi nazo. Na mwenye kamera ya kioo cha kuchungulia, tafadhali usilitazame jua kupitia lenzi ndefu, ile ya kuvuta vya mbali. Jicho halina spea.

Nyuki Mmoja

Langu fupi. Niliinama kulipiga ua karibu, nikaona nyuki hasogei. Nikadhani amekufa. Amelala! Kuna nyuki wa kiume wasio na mzinga, jioni hulala ndani ya maua au wakauma bua kwa taya wakaning'inia hivyo mpaka asubuhi. Jua lilizama nyuma yangu siligeukii. Nilirudi na picha arobaini za nyuki amelala na hakuna hata moja ya uwanja.

Bua

Nimesita kuandika hii, lakini mwenye uzi ameomba yaliyoharibika.

Nilipata eneo lenye maua ya zambarau, machache kwa kweli. Kwa lenzi pana yanaonekana kama madoa, udongo mwingi kati yake. Nikakumbuka ushauri wa kutumia lenzi ndefu na kushuka chini: unapopiga kwa mbali, chini usawa wa maua, ya mbele na ya nyuma yanabanana na pengo linapotea. Ni kweli kabisa. Kwa milimita 200, nikiwa nimelala kifudifudi, yale madoa yakawa bahari. Miiba na kupe sitaisimulia.

Shida ilikuwa ni kwamba ili nifike pale nilipopataka nilikata katikati. Hatua thelathini hivi, kwenda na kurudi. Sikuona neno. Picha ilipendwa sana, watu wakaniuliza mahali, nikawaelekeza.

Wiki moja baadaye nikarudi. Njia yangu ilikuwa pale. Imepanuka, wengine wameifuata, na mwisho wake kuna duara lililolala chini kabisa, saizi ya mtu aliyejinyoosha. Ua la msimu mmoja likikanyagwa kabla halijaangusha mbegu, mwakani mahali pale hapana kitu. Mwenye eneo alikuwa amesimama ng'ambo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ni mimi niliyewatuma wale wengine.

Mwaka 2019 huko California, kwenye bonde la Walker karibu na Lake Elsinore, maua yalichanua kwa wingi mno na watu wakafurika hadi njia zikafungwa kwa muda. Maua yalipochanua tena kwa wingi mwaka 2023, hawakusubiri, walifunga mapema. Nilipokuwa nasoma habari hizo zamani niliwacheka wale watu. Sasa mahali sitaji, na nikipiga nabaki kwenye njia au mahali palipo wazi tayari. Lenzi ndefu inatosha kukufikisha, na ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwanzo.

Mama wa Lenzi Moja

Bua, pole. Mimi pia nimewahi kuelekeza watu, nami sikurudi kuangalia. Nitarudi.

Ndiyo Naanza

Samahanini wakubwa, swali. Maua yangu mekundu, jua likishazama nayaona karibu meusi, lakini kwenye picha yanatoka mekundu. Kamera imepotoka au mimi?

Kivuli Kirefu

Ni wewe, na sisi sote. Nuru ikipungua, jicho linahamia kwenye chembe zinazoiona zaidi buluu na kijani, na nyekundu haziishughulikii. Aliyeliandika jambo hili ni mwanasayansi Jan Evangelista Purkyně wa Bohemia, naye aliligundua kwenye maua vilevile: mekundu yaliyong'aa mchana, alfajiri aliyaona meusi kuliko yote. Kamera haina macho mawili ya namna hiyo. Kwa hiyo jioni usiyaache maua mekundu kwa kuwa umeyaona yamezima, angalia kioo cha kamera. Na ya buluu yanayokuvutia gizani, usishangae yakitoka hafifu.

Sasa nimalizie yangu. Jioni ya pili nilipata maua yaliyo macho, lakini nililipiga jua. Picha sitini za jua, chini yake weusi. Jioni ya tatu kilima cha Mzee kilinifanyia kazi yake, jua likaingia nyuma yake mapema nikiwa bado natembea. Jioni ya nne nilikwenda kwenye maua meupe ambayo nilishahakikisha hayafungi. Jua likazama, picha za kawaida. Nikafunga begi. Nikawa nimeshafika njiani ndipo anga upande wa mashariki, mgongoni kwangu, ikawa ya waridi, na yale maua meupe yakaichukua rangi ile yote. Hakuna kivuli hata kimoja, uwanja mzima rangi moja na anga. Nilifungua begi mikono ikitetemeka, nikapiga kwa sekunde mbili mbili juu ya tripodi, upepo hakuna. Dakika tano hivi, ikazima.

Kati ya hizo moja ndiyo iko ukutani. Kona ya chini kulia kuna kofia yangu, niliiacha kwenye nyasi nikasahau. Watu wananiambia niiondoe kwa programu. Siiondoi.

Simu Tu

Mkuu tupia picha tuione hiyo kofia.