Kwa yule aliyehesabu mpaka kumi nyuma ya televisheni yangu

Mwana_Leja (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirudia jambo moja mara nyingi, kwa sababu ni hilo hilo linalonirudia kichwani tangu usiku wa kuamkia leo. Mhusika sina haja ya kumtaja. Ni yule yule shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Waliosoma uzi wangu wa friji na samaki wa wageni wanamjua, na wasiousoma wanaye wa kwao, amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni saa hizi, simu iko kwenye chaji, wala hana habari.

Jana ilikuwa tarehe 20. Anayeishi kwa kazi ya vitabu vya hesabu hapa Tanzania haambiwi maana ya tarehe 20, kwani ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, za mwezi uliotangulia. Nilikuwa na wateja watatu, na wawili nilikwisha kuwamaliza. Wa tatu, mwenye karakana ya madirisha ya alumini, aliniletea risiti zake magharibi ndani ya mfuko, nami nikazipanga mezani moja baada ya nyingine mpaka saa 5:40 usiku, nikabakiza kubonyeza mara moja tu. Ndipo nikasikia mtu anahesabu.

Anahesabu kwa sauti, jamani! "Sita, saba, nane." Nilidhani anahesabu fedha, ingawa tangu ahamie kwetu sijamwona na noti zinazofika nane. Kugeuka, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya televisheni, simu ameibana kati ya shavu na bega ili immulikie, na vidoleni ameshika pini ya mtandio wangu, ile yenye kichwa cha lulu niliyoivaa siku ya nikaha yangu, ameichomeka kwenye kile kitundu kilichopo nyuma ya rauta, kile kifaa kinachotugawia intaneti ya nyumbani. "Tisa, kumi." Taa zote zikazima kwa pamoja, na ukurasa wangu wa ritani ukabaki unazunguka kama pia.

Kwa wasiojua, kitundu kile si pambo. Ndani yake kuna kitufe, na ukikibana kwa takriban sekunde 10 rauta inasahau kila ulichoifundisha na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Nenosiri nililoliweka mimi linafutika, na linalorudi ni lile lililochapwa kwenye kibandiko cha chini, ambalo yeye alikwisha kulipiga picha siku nyingi. Alikuwa analitaka hilo. Wiki mbili zilizopita nilibadilisha nenosiri kwa sababu alikuwa akiionyesha ile picha ya msimbo wa mraba (QR), ambayo ukiimulika kwa simu unaingia kwenye waifai yetu, kwa kila aliyepita kijiweni. Nilipofungua orodha nilikuta vifaa 23 vimeunganishwa katika nyumba ya watu watano. Nikamtengea mtandao wa wageni ili asikose, na yeye akaona amedhalilishwa.

Asichokijua ni kwamba faiba yetu, yaani waya unaotuletea intaneti kutoka kwenye kampuni, ina jina la akaunti na nenosiri la kampuni, ambavyo fundi aliviingiza kwa mkono wake siku ya kwanza, na hivyo navyo vilikwenda na ile kumi yake. Rauta ikawaka na nenosiri analolitaka, akaunganisha, na intaneti hakuna! Hana yeye, sina mimi, hawana hata wale wa kijiweni. Huku lulu yangu ikiwa bado vidoleni mwake, akanitazama usoni na kusema, "Shemeji, nilikuwa naisafisha tu."

Kusafisha! Saa 5:40 usiku, tarehe 20, kwa kuhesabu mpaka kumi!

Nilinunua bando kwa simu na kuanza upya, na ritani ikaenda saa 6:07, siku ikiwa imeshageuka. Mteja ameniambia faini atakayotozwa ataikata katika ujira wangu. Mume wangu amesema nimvumilie mdogo wake kwa kuwa bado hajauzoea mji. Ana miaka mitatu hapa, na mji ameuzoea kiasi cha kujua sekunde za kubana kitufe.

Kijana_wa_Segerea

Dada, pole, lakini tarehe 20 ilikuwa inajulikana tangu tarehe 1. Mtu anayebakiza ritani mpaka saa 5:40 usiku amekwisha kujikabidhi mwenyewe kwa umeme, kwa mvua, kwa panya na kwa shemeji. Huyo kijana amewahi tu kufika kabla ya panya.

Mwana_Leja

Risiti zililetwa magharibi, nimeandika. Nilikuwa nimebakiza kubonyeza mara moja. Alikuwa amefika nane nilipomsikia. Laiti ningegeuka akiwa kwenye tano, leo tusingekuwa tunazungumza.

FundiWaya

Bi Leja, niruhusu niseme kama mtu anayeitwa kwenye nyumba za namna hii kila juma. Hakuna nenosiri linalomzuia mtu ambaye mkono wake unaifikia rauta. Kitufe kile kiliwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba aliyesahau nenosiri lake, nacho hakijui kumtofautisha mwenye nyumba na shemeji. Kwa hiyo anza na mbao. Chonga sanduku lenye kufuli, lenye matundu ya hewa pande zote kwa sababu rauta hupata joto, na ulitundike juu ukutani. Usikubali sanduku la bati, kwani bati huzuia mawimbi na utajikuta umeifungia intaneti pamoja na rauta. Waya wa umeme nao upite ndani ya ukuta au ndani ya bomba, maana atakayeshindwa kuchoma pini atachomoa plagi.

Baada ya hapo ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ambao katika rauta nyingi hufunguka kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ubadilishe nenosiri la ukurasa wenyewe, kwa sababu wengi hubadilisha la waifai na kuliacha hili kama lilivyotoka kiwandani. Zima WPS, kile kitufe kinachomwunganisha mtu bila kuulizwa nenosiri. Udhaifu wa namba yake ya siri ulianikwa hadharani tangu mwaka 2011. Hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, na uombe kampuni ikupe kwa maandishi lile jina la akaunti na nenosiri la faiba. Ungekuwa nayo jana, ungerudi hewani ndani ya dakika tano. Na usijisumbue kumzuia kwa anwani ya kifaa chake pekee, kwani simu za Android 10 na kuendelea, na iPhone zenye iOS 14, huweza kujitambulisha kwa anwani ya kubuni. Utamfungia leo, kesho atarudi kama mgeni.

Mwana_Leja

Nashukuru sana, Fundi, na sanduku nitalichongesha. Lakini pini ilikuwa yangu, na hajainirudishia.

Mpangaji_Chumba_Uani

Nyinyi mna bahati ya kulalamikia rauta iliyo ndani ya nyumba zenu. Kwetu intaneti imo katika kodi, tunachanga wapangaji sita, na rauta inakaa chumbani kwa mwenye nyumba. Ikifika saa 4 usiku anachomoa waya na kulala nao chini ya mto, akidai kwamba rauta ikiwaka usiku inamaliza umeme wa LUKU, ile mita ya kulipia kabla. Nimemweleza kwamba kile kifaa hakili umeme hata wa taa moja ya zamani, akanijibu kwamba nikitaka kuijua LUKU nijenge yangu.

Mama_Nassir

Afadhali wa chini ya mto, anajua alichokichomoa. Mume wangu kila alfajiri anachomoa rauta ili apate pa kuchomeka pasi, halafu anakwenda kazini na shati limenyooka, na mimi nabaki na mtoto mwenye somo la mtandaoni saa 2 kamili. Tuna soketi nyingine mbili. Anasema ile ndiyo yenye moto.

Mimi_Pia_Shemeji

Nimesoma yote kimya, sasa naomba niseme. Naishi kwa kaka yangu. Nabeba maji, napeleka watoto shule, nasimama foleni ya gesi, na siku moja niliamka nikakuta simu yangu imewekwa kwenye mtandao unaoitwa Wageni, wenye kasi ya kufungua picha moja kwa dakika tatu. Hakuna aliyeniambia neno. Sikuchoma pini popote, lakini ile siku niliitazama rauta kwa muda mrefu.

Mwana_Leja

Wewe hukuhesabu. Yeye alihesabu, kwa sauti, akafika kumi.

Kijana_wa_Segerea

Mama Nassir, hebu tueleweshe, soketi yenye moto ndiyo ipi? Kwetu nako baba anasema hivyo hivyo kuhusu ya jikoni.

Mama_Nassir

Ni ile ya karibu na dirisha. Eti pasi inapata moto haraka zaidi pale. Tumeoana miaka 11 na sijaelewa.

FundiWaya

Mama Nassir, hilo si la mzaha. Kama pasi inawahi kupata moto kwenye soketi moja kuliko nyingine, huenda hizo nyingine waya zake zimelegea, na waya uliolegea huchoma nyumba. Mwite fundi umeme azifungue kabla ya kuendelea kugombania ya dirishani.

Mpangaji_Chumba_Uani

Fundi, na sisi ambao soketi zote zimeunganishwa kwenye waya mmoja mpaka chooni, tumwite nani?

Mama_Nassir

Nimezima swichi kuu sasa hivi. Nassir analia, katuni zimekatika.