Hisa za intaneti ya kasi: shangwe hii ina hesabu nyuma yake?

AreaC_Dom
Wakuu, heshima kwenu. Makundi ya WhatsApp hapa Dodoma yamejaa ujumbe mmoja: serikali imehamia, mji wa serikali wa Mtumba unajengwa, faiba inavutwa mitaani, 5G imeingia, kwa hiyo hisa za kampuni za intaneti ni za kupanda tu. Kuna kundi linauza hata "hisa za awali" za kampuni ambayo haijaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Unatuma pesa kwa namba ya simu ya mratibu, unasubiri. Nina milioni 3 ambazo sitazigusa kwa miaka mitano. Nitapimaje kama bei inabebwa na biashara au na maneno?

Kikokotoo
Mkuu, wateja kuongezeka ni kweli, hapo hawadanganyi. Tatizo ni kwamba wanaruka kutoka idadi ya wateja hadi faida ya mwenye hisa bila kupita kwenye gharama.

Fanya hesabu hii. Ni mfano tu, siyo takwimu za kampuni yoyote. Kampuni inavuta faiba mtaa wenye nyumba 1,000 kwa shilingi milioni 300. Kwenye matangazo itasema "nyumba 1,000 zimefikiwa". Kufikiwa siyo kuunganishwa. Wakijiunga 200, kila mteja anabeba milioni 1.5 ya mtandao, ongeza 250,000 ya waya wa kuingia ndani, modemu na fundi. Jumla 1,750,000. Mteja analipa 50,000 kwa mwezi, na baada ya umeme, mishahara, matengenezo na kodi inabaki 20,000. Gawanya: miezi 87, yaani zaidi ya miaka saba kurudisha mtaji tu. Wakijiunga 500 gharama inashuka hadi 850,000 kwa mteja, miezi 42. Mtaa ni uleule, waya uleule, ila biashara mbili tofauti kabisa.

Sasa ilete Dodoma. Viwanja vya Iyumbu, Nzuguni au Ihumwa ni vikubwa na vingi bado havijajengwa, kwa hiyo mita za waya kwa kila nyumba ni nyingi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) chuo kikifungwa wanaondoka. Mpangaji akihama, modemu inarudi lakini gharama ya kuvuta waya hairudi. Ukiona kampuni inatangaza waliojiunga na inanyamaza kuhusu walioondoka, weka alama nyekundu.

Kwenye ripoti ya mwaka tafuta mistari hii minne: nyumba zilizounganishwa, mapato kwa mteja kwa mwezi, wanaoacha huduma, na fedha iliyobaki baada ya kununua mitambo. Huo wa nne ndio mkubwa. Kampuni hizi hupenda kutangaza faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kwenye mtandao uchakavu ni gharama halisi: modemu, betri na redio za mnarani zinakufa na lazima zinunuliwe upya.

Mkongo
Naongezea historia, maana wimbo huu ulishaimbwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani wawekezaji waliambiwa trafiki ya intaneti, yaani data inayopita kwenye mtandao, inaongezeka maradufu kila siku 100. Mtafiti Andrew Odlyzko alipochambua takwimu akakuta ni karibu maradufu kwa mwaka. Huo nao ni ukuaji mkubwa mno! Lakini mikopo na mitaro ilikuwa imepigiwa hesabu ya siku 100.

Kilichomaliza kazi ni teknolojia yenyewe. Mitambo ya kupitisha rangi nyingi za mwanga kwenye uzi mmoja wa faiba iliongeza uwezo wa waya uliokwisha kufukiwa, bila kuchimba hata mita moja mpya. Uwezo ukafurika, bei ya kusafirisha data ikaporomoka, madeni yakabaki palepale. NorthPoint, iliyouza intaneti ya kasi kupitia nyaya za simu, ilifilisika Januari 2001. Kampuni za mawasiliano zikafuata: Global Crossing Januari 2002, WorldCom Julai 2002, tena WorldCom baada ya kukutwa imeandika gharama za kawaida za kukodi laini kama uwekezaji ili ionekane ina faida. Hata muuza vifaa hakupona: hisa ya Corning, watengeneza nyuzi za faiba, ilivuka dola 100 mwaka 2000, ikafika karibu dola 1 mwaka 2002. Fahirisi ya Nasdaq, kipimo cha bei za soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilitoka 5,048 Machi 2000 hadi 1,114 Oktoba 2002.

Intaneti haikufa. Nyaya zile zilikuja kutumika, kwa bei ya chini. Aliyefaidi ni mtumiaji, na aliyenunua mali ya mufilisi kwa bei ya kutupa. Mwenye hisa wa kwanza hakuwamo.

Mama Gawio
Mkongo, hapo nakupinga kidogo. Soko letu halijajaa faiba kiasi hicho, na kampuni za simu hapa zina mapato mengine, hasa miamala ya pesa. Kuziweka kapu moja na zile za mwaka 2000 siyo haki.

Ila mfano wa nyumbani upo. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu zijiorodheshe. Wateja ilikuwa nao mamilioni. Bado bei ilikaa chini ya 850 kwa miaka. Ndani ya kipindi hicho laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilizimwa, na Julai 2021 zikaja tozo za miamala. Hayo hayatabiriki kwa kuhesabu minara.

Mleta mada, hizo "hisa za awali" achana nazo leo. Toleo halali kwa umma lina waraka wa matarajio (prospectus, maelezo rasmi ya kampuni na hisa inazouza) ulioidhinishwa na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na malipo hayaendi kwenye namba binafsi ya mtu. Waombe waraka. Wakikutumia picha na sauti badala ya waraka, umeshapata jibu.

AreaC_Dom
Asanteni sana, nimeelewa. Nikitaka kununua iliyoorodheshwa, nianzie wapi? Na deni la dola lina uzito gani?

Kikokotoo
Deni kwanza. Mteja wa Majengo analipa bando kwa shilingi, mitambo inanunuliwa kwa dola. Shilingi ikishuka asilimia 10, deni la dola linapanda kama asilimia 11 kwa shilingi, na mteja hajaongeza senti. Fungua maelezo ya hesabu nyuma ya ripoti, sehemu ya hatari ya fedha za kigeni.

Mama Gawio
Kununua: tafuta dalali wa hisa mwenye leseni ya CMSA, ufungue akaunti ya CDS, ya kielektroniki inayotunza hisa zako, kwa NIDA yako na akaunti ya benki. Kuna pia Hisa Kiganjani, mfumo wa kununua hisa kwa simu. Weka oda yenye kikomo cha bei, usiache wazi, kwa sababu hisa nyingi za DSE zina wauzaji na wanunuzi wachache, na oda moja inaweza kukupa bei mbaya. Siku ya kuuza ugumu ni huohuo, unaweza kusubiri wiki. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo likitangazwa 20 kwa hisa, piga hesabu ya 19. Ligawanye kwa bei ya leo, kisha linganisha na riba ya hati fungani ya serikali (mkopo unaoipa serikali) kabla hujatoa hata laki.