Mtoa huduma wa kuandaa biashara ndogo kwa wawekezaji anapimwaje?

Muulizaji
Wakuu, salaam. Kuna mfuko unaotaka kulipia maandalizi ya biashara ndogo 20 ili ziweze kupata mtaji wa nje, uwe mkopo au hisa. Walioomba kazi ni watatu. Mmoja anajivunia biashara 600 alizozifundisha, wa pili ana washauri wenye majina makubwa, wa tatu ni ofisi ndogo ya wahasibu, na bei yake ndiyo ya juu. Mtu aangalie nini kabla ya kusaini? Na malipo yapangweje?

Jibu la 1
Hiyo 600 iweke pembeni. Omba orodha nzima ya kundi moja lililomaliza miezi 18 hadi 24 iliyopita, si mifano aliyoichagua mwenyewe. Ukichukua kundi la juzi utamwonea, kwa sababu uchunguzi wa mwekezaji peke yake, yaani kukagua hesabu na nyaraka kabla ya kutoa fedha, hula miezi. Kwa kila biashara andika ilipata kiasi gani, kutoka kwa nani, na kama fedha ziliingia benki kweli au mambo yaliishia kwenye barua ya nia, yaani mwekezaji kuandika tu kwamba anakusudia kuwekeza. Ruzuku na zawadi za mashindano zitenge. Wengi huzichanganya humo humo, jumla ikavimba. Kama zilianza 30, zikamaliza 18, na 5 ndizo zilizopata mtaji, gawanya kwa 30.

Uliza pia zilichaguliwaje. Anayepokea biashara zenye hesabu zilizokwisha kukaguliwa atakuwa na matokeo mazuri hata akikaa kimya. Zitafute zilizokosa nafasi kwa alama chache, uone zimefika wapi. Zikiwa zimepata mtaji sawa na zile alizozihudumia, mchango wake ni upi?

Jibu la 2
Mkuu, fungua makabrasha, yaani mafaili ya hesabu na nyaraka anayoiandalia biashara ili mwekezaji ayakague. Omba mawili ya wateja wa zamani, kwa idhini yao, majina yakiwa yamefutwa. Hesabu za miaka mitatu zioane na taarifa za benki, na jedwali la hisa, linaloonyesha nani anamiliki kiasi gani, lilingane na kilichoandikwa kwa msajili wa makampuni.

Kisha omba faili la makadirio ya mtiririko wa fedha, lile lenye fomula, si nakala iliyochapwa. Sogeza muda wa wateja kulipa kutoka siku 30 hadi 60. Salio la fedha lisipotikisika, namba zimejazwa kwa mkono na mwekezaji atalibaini jambo hilo siku ya kwanza.

Kinachokwamisha biashara ndogo mara nyingi si uwasilishaji mbele ya wawekezaji. Ni fedha za mwenyewe kuchanganyika na za biashara, mkopo wa mkurugenzi usio na maandishi, au hisa alizoahidiwa ndugu kwa mdomo. Semina ya siku tano haitibu hayo. Kwa hiyo piga hesabu ya muda: washauri wawili, kila mmoja saa 8 kwa wiki, biashara 20, ni dakika 48 kwa kila biashara. Hazitoshi hata kulinganisha vitabu na benki.

Jibu la 3
Kuhusu majina makubwa: mkataba uwataje watakaofanya kazi yenyewe, siku zao, na kwamba hawabadilishwi bila idhini ya mfuko. Bila kifungu hicho watakuja vijana waliomaliza chuo jana.

Malipo ningegawa hivi: 30% baada ya tathmini ya awali na mpango wa kila biashara, 40% makabrasha yakipita kwa mkaguzi asiye wa mtoa huduma, 30% mwekezaji au benki ikianza uchunguzi. Usiweke yote kwenye fedha zilizopatikana. Atazitelekeza biashara dhaifu na kuzisukuma nyingine kwenye mkopo wowote, hata wa riba ya kuumiza. Atamke kwa maandishi pia kama hupokea kamisheni kutoka kwa mkopeshaji.

Muulizaji
Asanteni sana. Na biashara ikionekana haihitaji mwekezaji wa hisa kabisa?

Jibu la 1
Mtoa huduma aliyeandika hivyo kwenye ripoti mpe alama. Benki hutazama dhamana na uwezo wa kurejesha. Mwenye kununua hisa hutazama ukuaji na jinsi atakavyouza sehemu yake baadaye. Biashara yenye faida ya kutosha isiyokua haraka inafaa mkopo wa vifaa, pengine hata hiyo isubiri mwaka. Kwenye zile ripoti za zamani, tafuta ni mara ngapi alimwambia mteja "bado".