Eleveta kali mno: nipunguze kwenye servo au kwenye rimoti?

Mwewe_Mdogo: Wakuu habarini. Nina ndege ndogo ya rimoti, ya foamu, ya kujifunzia, bawa liko juu, upana mita 1.2. Nikigusa stiki kidogo pua inapaa ghafla, nikirudisha inachovya. Naona njia tatu: kuhamisha waya wa eleveta (kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) hadi tundu jingine kwenye mkono wa servo (kimota kinachousukuma), kukata asilimia ya mwendo kwenye rimoti, au kuweka ekspo (mpangilio wa rimoti unaolainisha katikati ya stiki). Ipi bora?

Fundi_Foamu: Mkuu, anza na tundu. Waya ukiutoa tundu la milimita 16 kutoka kwenye skrubu ya servo ukauweka la milimita 8, mwendo wa eleveta unapungua karibu nusu, huku servo ikizunguka kipimo chake kilekile. Nguvu inayofika kwenye eleveta inakaribia mara mbili, na plei ya giya, yaani ule mlegeo wa meno ya servo, inapungua nayo. Ukikata kwenye rimoti, plei inabaki ilivyo, ila sasa inakula sehemu kubwa zaidi ya mwendo uliobaki. Upande wa pili, kwenye ile pembe ya eleveta (kijipande chenye matundu ambako waya unashikia eleveta), mambo ni kinyume: tundu la nje ndilo linalopunguza. Hapo wengi hujichanganya.

Kozi_wa_Pwani: Hesabu yako sawa, ila kwa servo za gramu 9 unamchosha kijana bure. Rimoti nyingi za sasa hugawa mwendo wa stiki kwa hatua 2048. Kata nusu, zinabaki 1024. Kidole gani kitahisi hiyo? Mimi natumia swichi ya reti mbili, yaani vipimo viwili vya mwendo: juu asilimia 100, chini 60. Nikizidiwa hewani nabonyeza. Tundu utalibadilisha angani?

Fundi_Foamu: Sikutaja hatua, nimetaja plei na nguvu. Reti mbili ni nzuri, lakini ziwekwe baada ya waya kukaa tundu sahihi.

Bi_Rubani: Jamani, mbona hakuna aliyeuliza betri imekaa wapi? Kupaa na kuchovya hivyo ni dalili ya mkia mzito. Mwanangu, iinue kwa vidole viwili chini ya bawa, betri ikiwa ndani. Kwa ndege kama yako inatakiwa itulie kwenye robo hadi theluthi ya bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, hata uhamishe matundu yote haitatulia.

Mwewe_Mdogo: Shikamoo Bi. Kweli mkia ulishuka. Nimesogeza betri mbele, sasa inakaa sawa na inaruka vizuri zaidi, ila katikati ya stiki bado iko chapuchapu.

Bi_Rubani: Marahaba. Sasa hapo ndipo pa ekspo. Haipunguzi mwendo wa mwisho, inalainisha katikati tu. Anza na asilimia 25 au 30. Angalia alama: rimoti za Futaba hulainisha kwa hasi, za Spektrum kwa chanya. Ukigeuza alama, katikati itakuwa kali kuliko mwanzo.

Kozi_wa_Pwani: Na reti ya chini abaki nayo muda wote?

Bi_Rubani: Asitue nayo mpaka aijaribu juu kwanza. Kasi ikishuka eleveta hupoteza nguvu, na pale mwishoni unataka kuinua pua unakuta stiki imeisha.

Fundi_Foamu: Hilo sipingi. Mwewe, ukirekebisha mezani toa propela kabla ya kuchomeka betri, halafu pima mwendo kwa rula kwenye ukingo wa nyuma wa eleveta, ulinganishe na kitabu cha ndege yako.

Mwewe_Mdogo: Propela imetoka. Naanza na tundu.

Kozi_wa_Pwani: Haya. Swichi utairudia tu.