Rupia 15 ya Tabora ndani ya kasha la NGC: nitajuaje kama si feki?

FundiReli_Tbr

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijatuma hela.

Mimi ni fundi mitambo hapa Tabora, na babu yangu alifanya kazi karakana ya reli. Tangu utoto nasikia habari za sarafu ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, ile Wajerumani waliyoigonga hapa hapa karakana mwaka 1916, Waingereza wameshafunga bahari na fedha haiji tena kutoka Ulaya. Nimekusanya heller na pesa, zile sarafu ndogo za shaba za enzi ya Mjerumani, kwa miaka sita, lakini tembo sijawahi hata kumshika mkononi.

Wiki iliyopita nimeiona kwenye mtandao wa kuuzia vitu, muuzaji yupo nje ya nchi. Ipo ndani ya lile kasha gumu la plastiki, lebo ya NGC (kampuni ya Marekani inayohakiki sarafu na kuzipa daraja), daraja AU 58 yaani imetumika kidogo sana, namba ya cheti ipo, hologramu nyuma ipo. Anataka dola 380. Nimeingiza namba kwenye tovuti ya NGC ikakubali: 15 Rupien 1916 T (T ni ya Tabora), AU 58. Sasa ananiambia kuna mteja wa Dubai anaisubiri, ila nikimlipa moja kwa moja bila kupitia mtandao atanipunguzia dola 30. Hiyo ni akiba yangu ya miezi minne. Namba ikikubali si inatosha?

Kijana_wa_Ilala

Mkuu, muuzaji anayekutoa nje ya mtandao anakutoa kwenye ulinzi wako wote. Ukilipia mle ndani una mahali pa kudai. Ukimtumia mkononi utabaki na meseji zake tu. Na huyo mteja wa Dubai hayupo.

BintiSonara

Kaka FundiReli, haitoshi. Na mimi nilidhani inatosha, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Baba alikuwa sonara hapa Tanga, nimerithi meza yake, mzani wake na lenzi yake. Dhahabu, fedha, shaba, nazijua kwa mkono. Lakini sarafu iliyofungiwa kwenye plastiki huwezi kuipima wala kuidondosha mezani usikie mlio wake, na hapo ndipo waliponipatia.

Mwaka juzi nilinunua rupia 2 ya 1894, ile kubwa ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, mwenye kofia ya tai, upande wa pili simba na mtende. Niliingiza namba kama wewe, ikaja sarafu ile ile na daraja lile lile. Nikalipa. Ilipofika nikaiweka chini ya taa, nikarudi kwenye ukurasa wa cheti, na safari hii nikashuka mpaka kwenye picha. Sarafu ya kwenye picha ina mkwaruzo mfupi shavuni mwa Kaiser na doa jeusi karibu na ukingo. Yangu shavu laini kabisa. Namba ilikuwa ya kweli, lakini sarafu yake ipo kwa mtu mwingine huko iliko. Hawa waliokota namba tu, wakaichapa kwenye lebo yao na kufungia chuma chao.

Kwa hasira nikalipasua lile kasha. La kweli huunganishwa kwa mawimbi ya sauti, plastiki inashikana na plastiki, kulifungua ni kazi ya nyundo. Hili liliachia kwa ncha ya kisu, gundi ikabaki kama nyuzi. Mzani ukasoma gramu 21.4, na ya kweli ni 23.3. Nikaipima ndani ya maji kama baba alivyonifundisha, ikatoka mara 8.8 ya maji. Fedha ya rupia ile ni 917 kwa elfu, lazima ipite 10. Nilikuwa nimenunua shaba na nikeli. Nilipodai hela yangu muuzaji akasema kasha limeshafunguliwa, na mtandao ukamsikiliza yeye. Kwa hiyo hata sarafu ikikufikia na moyo ukakataa, usipasue. Piga picha kila upande, dai kwanza.

Sasa ya kwako. Rudi kwenye ukurasa wa cheti utafute picha, maana NGC huweka picha za sarafu nyingi inazozipima. Usimtazame tembo kwa ujumla, wala mlima ulio nyuma yake, kwa sababu hata wanaoiga wanaanzia hapo hapo. Tafuta majeraha ya sarafu ile moja: mkwaruzo, kidonda cha ukingoni, doa, mahali rangi ilipobadilika. Kisha yatafute hayo hayo kwenye picha za muuzaji, moja baada ya jingine. Hata moja likikosekana, achana nayo.

Halafu hiyo bei, kaka. Rupia 15 ina gramu 7.168, na dhahabu yake ni 750 kwa elfu, yaani dhahabu safi gramu 5.376. Zidisha kwa bei ya gramu ya leo. Nikiiyeyusha hapa mezani kwangu, bila kujali tembo wala Tabora, inapita dola 380. Na zote zilizogongwa ni 16,198 tu. Mtu mwenye kitu cha namna hiyo atakuuziaje chini ya bei ya chakavu?

Mnyamwezi_Hamburg

Naunga mkono kila neno la dada. Huku naziona kwenye minada, na tembo wa kweli hakaribii hata kidogo bei hiyo uliyotajiwa.

Kuna jambo moja la kukusaidia. Tembo ni wa aina mbili. Tazama upande wa tai, lile pambo la upande wa kulia: aina A linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, aina B linaishia chini ya A ya kwanza. Nimeshaona kasha ambalo lebo inasema aina moja na sarafu ndani ni aina nyingine. Aliyechapa lebo hakujua tofauti.

Namba ya cheti itafute pia kwenye intaneti nje ya tovuti ya NGC, maana minada huacha picha zake za zamani wazi. Mimi nilikuta namba moja chini ya wauzaji watatu, kila mmoja na sarafu yake. Na anwani ya tovuti iandike mwenyewe kwa mkono, usifuate kiungo alichokutumia muuzaji wala kuskani alama ya kwenye lebo, inaweza kukupeleka kwenye ukurasa walioutengeneza wao.

Mwisho, ndugu yangu wa nyumbani, kama unachokitafuta ni kazi ya karakana yetu, mbona heller 20 ya 1916 ipo? Imegongwa hapo hapo Tabora, ina T yake, na bei yake mfanyakazi anaimudu. Hiyo haihitaji kasha wala cheti.

FundiReli_Tbr

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Picha ipo kwenye ukurasa wa NGC, nilikuwa sijashuka chini. Tembo wao ana kidonda ukingoni, juu kidogo ya mgongo, kinaonekana hata kwa simu. Wa muuzaji ukingo mzima. Nikamwomba picha mpya, kasha liwe juu ya karatasi yenye jina langu na tarehe ya jana. Alinijibu ana kazi nyingi. Asubuhi tangazo limeondolewa. Nimeripoti kwa wenye mtandao nikiwa na picha zote mbili.

Na hili la heller 20 limenigusa. Kuna mzee kule Kwihara anazo tatu kwenye kopo, aliachiwa na mama yake. Mbili za njano, moja nyekundu nyekundu. Zina T na 1916. Jumamosi naenda. Niangalie nini?

BintiSonara

Za njano ni shaba iliyochanganywa na zinki, ile ya maganda ya risasi, na nyekundu ni shaba tupu. Zote mbili ni halali, usimwambie mzee kuwa moja ni mbovu. Angalia taji lililo juu ya mwaka, kuna kubwa na kuna dogo, kisha angalia herufi L mbili za HELLER: ncha ya L ya pili imejikunja au imechongoka? Nenda na lenzi, tuletee picha ya kila upande.

Na tafadhali mwambie mzee asizisugue kwa limau wala mchanga kwa ajili ya kukupokea. Ziache na rangi yake ya kopo.