Tupeane uzoefu: alama inayolichezea jina la mtaa wako

Mwana wa Kilindini: Jana nilipita Mapembeni, Mombasa, na mpwa wangu wa miaka 9, akanivuta mkono akasema, "Mjomba, pembe hizi zimeandika M." Miaka yote nimepita chini ya zile pembe 4 zinazovuka barabara, nikijua kwamba zilisimamishwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgeni wa kifalme wa Uingereza, wala sikuwahi kuiona M ya Mombasa. Mwenye alama ya namna hiyo kwao na aieleze, hasa ikiwa iliwahi kumpoteza.

Mjukuu wa Ng'ambo: Unguja tunayo Darajani isiyo na daraja, kwa sababu mkono wa bahari uliopita pale ulifukiwa. Bububu nayo imepata jina kutokana na mlio wa gari moshi.

Msoma Kumbukumbu: Samahani, ndugu yangu, hilo la gari moshi si sahihi. Reli ile ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali Bibi Salme binti Seyyid Said anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Gari moshi lililikuta jina linalisubiri.

Mjukuu wa Ng'ambo: Babu yangu alilipanda gari hilo, nawe unaniletea vitabu.

Msoma Kumbukumbu: Kulipanda si kulibatiza.

Mtoro wa Baridi: Mmenikumbusha Novemba 2021, nilipofika London kwa mara ya kwanza. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye alikuwa amehamia mji mwingine zamani, aliniagiza nimsubiri Elephant and Castle, yaani Tembo na Ngome, mbele ya jengo la maduka, chini ya sanamu la tembo aliyebeba ngome mgongoni. Nilicheka, nikidhani ananitania. Nilipotoka stesheni sikuona jengo wala tembo, bali mabati ya wajenzi, maana maduka yale yalifungwa Septemba 2020. Simu ilizimika. Kila niliyemuuliza Tembo iko wapi alinijibu kwa upole kwamba nimekwisha kufika, kwa kuwa wenyeji huuita mtaa wenyewe hivyo hivyo, nami nikazidi kuzunguka mabati, vidole vimekufa ganzi, nikiamini kwamba mji mzima umekula njama. Kumbe stesheni ina milango katika majengo mawili tofauti, na kaka alikuwa kwenye ule mwingine, akinizungukia vivyo hivyo. Baada ya saa mbili tulikutana kwenye kiwanja kidogo jirani, ambako tembo alikuwa amehamishiwa, ametulia na ngome yake kama asiyehusika.

Bi Mkunazi: Pole sana, mwanangu. Tembo kuhamishwa bila wageni kuarifiwa!

Mwana wa Kilindini: Je, ulimwambia nini kaka yako?

Mtoro wa Baridi: Nilimwamkia shikamoo kwanza, kisha nikalia.

Mzaramo Mtulivu: Mimi sikuhitaji kwenda Ulaya ili nipotee. Mwaka nilioingia Dar es Salaam nilishuka Mwembechai, nikautafuta mwembe wenye chai mpaka konda wa daladala iliyofuata akaniuliza kama nimepoteza hela.

Bi Mkunazi: Ndiyo maana mgeni anapaswa kumuuliza bodaboda, kwani hao hulijua kila chochoro.

Msoma Kumbukumbu: Usimuulize bodaboda kamwe, Bi Mkunazi, kwa maana atakwambia ni mbali hata kama umesimama papo hapo. Muulize mama ntilie, tena baada ya kununua chapati.

Mjukuu wa Ng'ambo: Huyo naye atakuelekeza kwa kutaja duka lililovunjwa.

Mgeni wa Mbezi: Naomba msaada wa haraka, kwa kuwa nimepanga nyumba Tangi Bovu, na shangazi yangu aliye njiani kutoka Singida ameniambia kwamba atashuka atakapoliona tangi.